Tuhesabu Magari Kwanza, Ndipo Tupange

Lori moja likikwama katika kona za mlima Kitonga, Ilula nzima hujua. Magari ya Dar es Salaam na ya Tunduma hupanga mstari, na nyanya zetu huharibika ndani ya matenga.

Barabara kuu hii ilijengwa upya ili Zambia ipate njia ya bandari, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao wa uongo mwaka 1965. Leo iko mikononi mwa TANROADS. Njia za mashambani ni za TARURA, iliyoundwa mwaka 2017. Lakini tenga la mkulima hupita zote mbili! Basi wahesabu magari kwa pamoja: masika na kiangazi, siku ya gulio na siku ya kawaida, mchana na usiku. Pikipiki, baiskeli na waendao kwa miguu wahesabiwe pia, maana asiyehesabiwa hapangiwi. Kisha hesabu zisomwe mkutanoni mbele yetu.

Nasi tuache kupanga biashara ukingoni mwa lami. Taifa halijengwi kwa kubahatisha.