Ikiingia Haina Maana Imekubali

Najua nimepotea siku nyingi. Nilikuwa fildi, wiki nane nzima, kwenye shule moja ya sekondari kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kusini kidogo ya Mbamba Bay. Nimerudi chuo juzi na mabegi yananuka dagaa. Ya dagaa na ugali wa muhogo nitawasimulia siku nyingine. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya tundu moja dogo tu.

Iko hivi. Laptopu yangu alininunulia baba mdogo baada ya kuuza kahawa yake pale Mbinga. Mnaojua kahawa ya Umatengoni mnajua jasho lililoko pale: mtu analima mlimani kwenye ngoro, anachuma, anakoboa, anaanika, halafu anasubiri malipo. Kwa hiyo laptopu ile naitunza kama mboni. Ina tundu moja la taipu-C, matundu mawili ya USB ya zamani, basi. Haina HDMI. Projekta ya shule inataka HDMI.

Nikajisemea, hili dogo. Jumamosi nikapanda gari hadi Mbinga mjini. Siku hizi lami imefika mpaka Mbamba Bay, hata vumbi huli. Nikaingia duka moja la vifaa (jina nalihifadhi), nikamweleza kijana kabisa: nataka doki, niichomeke kwenye laptopu, upande huu ichaji, upande huu itoe picha kwenye projekta. Kijana akasema, "Dada, hii ni taipu-C. Ikiingia tu, imekubali." Nikatoa 85,000 kutoka hela ya fildi. Ikaingia, kweli. Hata kataa ya kiberiti ingeingia!

Jumatatu mhadhiri wangu akafika kunikagua. Kidato cha tatu, Jiografia, somo ni jinsi bonde la ufa lilivyotokea. Picha zangu zote nimeziandaa, nimekesha. Nachomeka doki, taa ya buluu inawaka, mausi inafanya kazi, flashi inasoma. Projekta? Nyeusi tii. Nachomoa, nachomeka. "Madamu, picha haiji," mtoto mmoja wa mbele ananisaidia kutangaza, kana kwamba mimi sioni. Dakika kumi na mbili za kipindi zikayeyuka hivyo. Nikawatoa watoto nje nikawaonyesha ziwa lenyewe, maana Nyasa limelala ndani ya hilo bonde la ufa na milima ya upande wa pili inaonekana. Alama nikapata, namshukuru Mungu. Lakini hela yangu imekwenda.

Baadaye fundi mmoja akanifungulia macho. Tundu la taipu-C ni umbo tu, ni mlango. Nyuma ya mlango kunaweza kuwa na mambo matatu tofauti: data, chaji na picha. Mtengenezaji anaweza kuweka yote matatu, au mawili, au moja tu. Langu linapitisha data na chaji, picha hamna. Doki ile inategemea laptopu itoe picha kupitia tundu hilo, kwa njia inayoitwa DisplayPort. Laptopu isipoitoa, doki hailali wala haiamki. Kuna doki za aina nyingine zinazotumia programu yake maalumu kupitisha picha kama data, lakini nani aliniambia? Kwenye boksi hamna, na kijana dukani hajui.

Na chaji nayo ni darasa lingine. Wenzangu wa Fizikia mtanisahihisha: volti mara ampea ni wati. Chaja ya simu ya volti 5 na ampea 3 inatoa wati 15. Laptopu yangu inataka 65, yaani volti 20 kwa ampea 3.25. Midomo inafanana kabisa! Chaja na mashine huwa zinaongea kwanza: chaja inaanza na volti 5, halafu zinakubaliana zipande hadi 9, 15 au 20. Chaja isipojua lugha hiyo, mnabaki kwenye 5 mpaka asubuhi na betri haipandi. Waya nao una siri yake. Wa kawaida wa taipu-C kwa taipu-C ni wa ampea 3, yaani mwisho wati 60. Wa ampea 5 una chipu ndani ya kujitambulisha. Kwa macho, zote nyeusi, zote ndefu mita moja.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Zamani za simu za Nokia, pini nene haikuingia kwenye tundu dogo, na kila mtu alijua. Ikishindikana, unachomoa betri unaibana kwenye chaja ya kobe, maisha yanaendelea. Tofauti ilionekana kwa jicho. Taipu-C ilipotoka mwaka 2014 tuliambiwa imekuja kumaliza vurugu. Vurugu haikuisha, imefichwa ndani. Hata alama ndo zinachanganya zaidi: pembeni ya baadhi ya matundu utaona mchoro wa radi. Sisi wote tunasoma "hapa umeme, hapa chaji." Kumbe mara nyingi ni alama ya Thunderbolt, teknolojia ya kupitisha data kwa kasi. Mwe!

Najua wapo watakaosema: si ungesoma kwanza, wewe msomi gani? Sawa, nimekubali kofi moja. Lakini baba mdogo je? Mwalimu wangu mwenyeji, aliyepewa kishikwambi baada ya Sensa ya mwaka 2022 kama walimu wengine, naye asome karatasi gani ikiwa boksi limeandikwa "inafaa kwa vifaa vyote"? Huo siyo uvivu wa mnunuzi, ni uongo wa muuzaji.

Wengine watasema Ulaya wameshamaliza. Ni kweli, Umoja wa Ulaya ulilazimisha taipu-C kwa simu na vishikwambi kuanzia 28 Desemba 2024, na kwa laptopu tarehe iliyowekwa ni 28 Aprili 2026. Hata iPhone ilihamia huko mwaka 2023. Ila someni vizuri: sheria yao haikuishia kwenye umbo la tundu. Inadai pia lebo ionyeshe kifaa kinahitaji wati ngapi. Sisi tunapokea tundu, lebo inabaki Ulaya.

Na kwetu jambo hili siyo anasa. Ruvuma tuliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kwa njia ya Makambako–Songea. Umeme ulipofika tulishangilia, na ni haki. Soketi ya ukutani ni ya aina moja, pini tatu za bapa, kuanzia Mbinga mpaka Zanzibar, kwa sababu kuna watu walikaa wakaamua viwango. Iweje ukutani tuwe na utaratibu halafu hatua moja kutoka ukutani iwe kila mtu na bahati yake?

Kwa hiyo nasema hivi. Shirika la Viwango, TBS, lidai kila laptopu, chaja na doki inayoingia nchini iwe na lebo ya Kiswahili, tundu kwa tundu: linachaji au halichaji, wati ngapi, linatoa picha au halitoi. Maduka yaweke mashine ya kujaribia kabla mtu hajalipa, na yaondoe kale kabango ka "bidhaa ikiuzwa hairudishwi." Mtu akikueleza anataka kitu cha kazi gani, ukampa kisichofanya kazi hiyo, umemkosea, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inalijua hilo, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya walaji. Na vyuo vya ualimu viache kutukaririsha vizazi vya kompyuta peke yake. Mwalimu anayekwenda kijijini anahitaji kujua kusoma maandishi madogo ya mgongoni mwa chaja.

Nyie mnaonunua wiki hii: beba laptopu yako dukani, chomeka, uone picha kwa macho yako, ndo utoe hela.

Doki yangu ipo hapa mezani, naitumia kuchomekea mausi. Mausi ya 85,000! Baba mdogo sijamwambia bado. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.