Simu Isiwe Beseni la Pili

Saa saba usiku. Kijana amejifunika blanketi gubigubi, huko Nkubu, Meru, au Runyenjes, Embu, simu mkononi. Anaiuliza swali aliloliuliza jana na juzi: ukigusa damu buchani, unaweza kuambukizwa? Simu inajibu. Moyo unatulia dakika tatu. Anauliza tena, kwa maneno mengine.

Anadhani anajitibu.

Hajitibu. Ananawa. Beseni ndilo lililobadilika.

Ugonjwa wa kijana huyu una pande mbili. Kuna wazo linaloingia bila hodi na kukataa kutoka. Halafu kuna kitendo ambacho mtu hujilazimisha kukifanya ili wazo limwachilie: kunawa, kukagua kufuli, kuhesabu, kutubu dhambi ile ile mara arobaini, kuuliza. Hospitalini utasikia ukiitwa OCD. Kiswahili kilikuwa na neno lake zamani, wasiwasi, kutoka Kiarabu, mnong'ono unaotia shaka moyoni. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya wasiwasi wa namna hii na jinsi ya kukabiliana nao. Sisi tumelipunguza neno hilo hadi likawa hofu ya mtihani.

Wameru nao walikuwa na mugiro, unajisi wa mwiko uliovunjwa. Lakini mugiro ulikuwa na mwisho. Mganga alitakasa, shughuli ikaisha, watu wakarudi shambani. Ugonjwa huu hauna mganga wa kusema basi.

Tafiti za nchi mbalimbali huwaweka watakaougua maishani kati ya mmoja na watatu katika kila watu mia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,545,714 Meru na 608,599 Embu. Chukua kiwango cha chini kabisa, mmoja kwa mia. Ni zaidi ya watu 21,000 katika kaunti hizi mbili.

Wakaonwe na nani? Ukaguzi wa Mkaguzi Mkuu wa Serikali wa 2017 ulikuta hospitali 29 tu kati ya 284 za ngazi ya nne kwenda juu zikitoa huduma za afya ya akili nchini. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilitaka afya ya akili itangazwe janga la kitaifa. Sheria ikarekebishwa 2022, na kaunti zikapewa wajibu wa kuifikisha huduma hiyo mashinani. Simu ilifika kabla ya sheria.

Sisemi simu itupwe. Kujitibu kunawezekana, na kuna ushahidi.

Tiba inayofanya kazi ni rahisi kuieleza na ngumu kuitenda. Unaikaribia hofu, kisha unakataa kile kitendo. Unashika kitasa, hunawi. Unafunga kufuli mara moja, unaondoka. Hofu inapanda, unaiacha ipande, na kwa kurudiarudia inaishiwa nguvu. Victor Meyer aliichapisha tiba hii London mwaka 1966, kwa wagonjwa wawili. Isaac Marks, wa London pia, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi mgonjwa anaweza kuifanya nyumbani mwenyewe.

Mwaka 2002 Marks na wenzake wa Marekani na Kanada walichapisha jaribio la watu 218. Kundi moja liliongozwa na mtaalamu. La pili liliongozwa na kompyuta iliyopigiwa simu ya kawaida ya vibonye, pamoja na kitabu cha mazoezi. La tatu lilifundishwa kuulegeza mwili na kutulia. Kwenye mizani ya alama 40, ukali wa ugonjwa ulishuka kwa alama 8 chini ya mtaalamu, 5.6 chini ya kompyuta, na 1.7 kwa waliofundishwa kutulia.

Irudie namba hiyo ya mwisho.

Sasa fungua simu uone inavyouza utulivu: sauti za mvua, pumzi za kuhesabu, maneno ya faraja yenye picha ya machweo. Ni vitu vizuri kwa mtu aliyechoka. Kwa ugonjwa huu ni 1.7. Na ile kompyuta iliyoleta 5.6 haikuhitaji simu janja. Kabambe ingetosha.

Hatari kubwa zaidi ni majibu. Mama huchoka kujibu. Rafiki huchoka. Padri atakwambia ungamo la wiki jana linatosha. Akili unde haichoki. Itakujibu mara mia kwa upole ule ule, na kila jibu linaufundisha ubongo kwamba swali lilikuwa la hatari kweli. Kesho ubongo utaleta jingine.

Tusipobadilika, mambo yatakwenda hivi. Dakika kumi zitakuwa saa. Saa itakuwa asubuhi nzima. Ngozi ya mikono itapasuka kwa sabuni ya kipande. Kule Mbeere na sehemu kavu za Igembe, ambako maji hununuliwa kwa mtungi, mitungi itaisha kabla ya chai kuinjikwa na ugomvi utaanza hapo. Mwanafunzi ataandika sentensi, aifute, aiandike tena, na kengele itamkuta kwenye swali la kwanza. Ugonjwa huu mara nyingi huanza ujanani, miaka ile ile ya KCSE na chuo. Wengi hukaa nao miaka kadhaa kabla ya kumwambia mtu yeyote.

Kisha ugonjwa unahamia kwa wengine. Hauhami kama homa. Unahamia kwa amri. Mama anaambiwa anawe kabla ya kugusa sufuria. Baba anatumwa kukagua mlango. Mdogo wa mgonjwa anaapishwa kwamba hakugusa kitanda. Kila mmoja anatii kwa huruma, na kila utii unaongeza sheria nyingine. Baada ya mwaka nyumba nzima inaugua na mmoja tu ndiye anayeitwa mgonjwa.

Wako pia wanaoteseka bila kunawa. Mama mwenye mtoto mchanga anapata wazo la kumdhuru mwanawe, linamtia kinyaa, anaficha visu, anaogopa kubaki naye peke yake. Muumini anasikia matusi moyoni katikati ya ibada. Mawazo haya humchukiza mwenyewe, na ndiyo maana yanamtesa. Anayemwita mchawi au muuaji anamfungia mlango wa msaada. Mama huyo wa mtoto mchanga asipimwe na jirani wala na simu. Aonwe hospitalini, upesi. Kwa muumini, sipingi maombi. Napinga maombi yaliyogeuka kunawa, yanayorudiwa kwa sababu neno moja halikutamkwa sawasawa.

Na miraa? Inakula usingizi, na asiyelala hana nguvu ya kumkatalia wasiwasi. Najua ninawaandikia watu wa Meru, wanaoilima.

Cha kufanya si kingi.

Chukua karatasi kabla ya simu. Andika unavyoviogopa, kuanzia kidogo hadi kikubwa. Anza na kidogo. Anayeanza na kikubwa hukimbia siku ya pili na kutangaza kwamba tiba imeshindwa. Zoezi moja, kila siku, bila kunawa baadaye na bila kuuliza baadaye. Kuuliza ni kunawa. Kutafuta mtandaoni ni kunawa. Kujiambia kimoyomoyo "hakuna kitu, hakuna kitu" ni kunawa.

Kila programu ipime kwa swali moja: inanisaidia kukataa kitendo, au inanijibu? Inayojibu, ifute usiku huu. Inayokupa ratiba ya mazoezi na mahali pa kuandika ulichostahimili, ibaki. Moja tu. Wakati mmoja wa siku. Si kitandani.

Usiimwagie programu hiyo siri zako zote. Mwaka 2023 mamlaka ya biashara ya Marekani iliiamuru BetterHelp, kampuni kubwa ya ushauri wa mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 kwa kuwapa watangazaji taarifa za afya za wateja iliyokuwa imewaahidi kuzitunza. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na taarifa za afya zimo ndani yake kama taarifa nyeti. Sheria hiyo ni nzuri. Kidole chako kwenye kitufe cha "nakubali" bado kina haraka kuliko sheria.

Tafuta mtu. Hapa sina mjadala. Mwaka 2005 kundi la Marks lililinganisha wagonjwa waliojitibu kwa kompyuta: wengine walipigiwa simu fupi kwa miadi, wengine waliachwa wapige wenyewe wakihitaji. Waliopigiwa kwa miadi walifanya mazoezi zaidi na wakapata nafuu zaidi. Simu fupi, siku inayojulikana. Mwalimu mshauri anaweza kuipiga. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza. Shangazi mwenye msimamo anaweza, mradi aulize "ulifanya zoezi?" asiulize "uko sawa?"

Ikiwa ugonjwa unakula saa nyingi, au wewe umeacha kula, kwenda shule ama kulala, kujitibu pekee hakutoshi. Nenda hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu, uulizie kliniki ya afya ya akili. Dawa zipo. Clomipramine imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ugonjwa huu huu, na fluoxetine hutumika sana. Huchukua wiki nyingi, hata 12, kabla ya mtu kusema zimefaa au hazikufaa. Usizinunue kwa ushauri wa simu. Usiziache ghafla.

Na kama mawazo ya kujiua yamekuja, usisubiri miadi. Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, bila malipo, au nenda hospitali usiku huo huo. Usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai kinapingana na Katiba.

Kwa walio nyumbani, kuna jambo la leo. Kaeni na mgonjwa mchana, akiwa ametulia, mkubaliane: swali moja, jibu moja. Akubali yeye mwenyewe. Msimvizie, msimcheke, msimfiche sabuni.

Usiku atakuja mlangoni kuuliza kama kufuli limefungwa. Mjibu. Atarudi. Usimpe jibu wala simu. Mwambie, "Tulikubaliana, mwanangu," kisha mpe kiti na ukae naye. Nusu saa ya kwanza itakuwa mbaya.