Maji ya msikiti wakati wa kiangazi: ni ya nani?

Kiangazi kikibana, swali hili hurudi katika vijiji vyetu vya Igunga, Ziba ikiwemo: kisima cha msikiti ni cha wanaotawadha tu, au hata jirani mwenye ndoo anaruhusiwa kuteka? Tuangalie dini yenyewe inasemaje.

Uislamu ulifika Tabora katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara kutoka pwani. Njiani walivuka Marenga Mkali, nyika iliyo kati ya Mpwapwa na Ugogo, iliyopewa jina kwa maji yake ya chumvi. Waliouleta walijua kiu. Na ruhusa ya kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo safi, nayo ilishuka safarini, pale msafara wa Mtume uliposimama kutafuta mkufu wa Bi Aisha mahali pasipo na maji.

Wanazuoni wanafafanua kuwa maji yakiwepo lakini yanahitajika kwa kunywa, ya mtu au ya mnyama wake, basi mtu atayamamu. Uhai kwanza. Mtume pia alikataza kumnyima msafiri maji yaliyozidi. Sayyidna Uthman alinunua kisima cha Ruma huko Madina, akakifanya wakfu watu wateke bure.

Hapa pana jambo la kuangalia. Sharti la mtoa wakfu huheshimiwa. Aliyechimba kisima alikitoa kwa ajili ya udhu peke yake, au kwa watu wote? Jibu lijulikane na liandikwe mapema, kabla foleni ya ndoo haijageuka ugomvi.

Jambo la pili ni kipimo. Hadithi zinaeleza kuwa Mtume alitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo haifiki lita moja. Mtu anayeacha bomba wazi akatumia lita 5 kwa udhu mmoja, kwa sala tano atamaliza lita 25, zaidi ya ndoo kubwa. Akitumia kopo au birika la lita moja, ndoo ya lita 20 itamtosha siku nne.

Sasa maji ya Ziwa Victoria yameshafika Igunga, lakini ya bomba yana mita na bili. Tunashauri kamati za misikiti zikae na serikali za vijiji, wapange saa za kuteka na mchango wa kila kaya. Maji yanayookolewa kwenye udhu ndiyo yatakayojaza ndoo ya jirani.