Kahawa ni kahawa, nirudishieni maksi zangu

Wadau, nimekwazika. Kwenye tesiti nimeandika Psilanthus ni Coffea, nimekatwa maksi mbili. Eti stameni za Psilanthus zimejificha ndani ya mrija wa ua, za kahawa zinachungulia nje, kwa hiyo ni jenasi mbili. Jamani! Aaron Davis wa Kew na wenzake walishaziunganisha tangu 2011. DNA inaonyesha Psilanthus imo humohumo ndani ya ukoo wa Coffea, na ukipasua tunda mbegu ni ileile buni yenye mfereji tumboni. Mimi naiamini mbegu kuliko ua. Noti zetu za lini kwani? Kesho namgongea mwalimu ofisini, kistaarabu. Nikisapu kwa maksi mbili hizi mtanisikia hapahapa.