Ajali moja, daftari nne: Barabara ya Thika yahitaji sajili moja

Kila ajali mbaya inapotokea katika Barabara Kuu ya Thika, lawama huanza kutolewa kabla damu haijakauka. Madereva wa matatu hulaumiwa kwa mwendo wa kasi, waendeshaji bodaboda kwa utundu, na waenda kwa miguu kwa kukwepa madaraja waliyojengewa. Baada ya siku tatu habari hupoa, na mahali palepale husubiri mwathiriwa mwingine.

Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: Je, ni sehemu gani hasa za barabara hiyo, kati ya Ruiru na Thika, zinazoua watu wengi zaidi, ni saa ngapi, na ni akina nani wanaokufa hapo? Habari za kujibu swali hilo zipo. Tatizo ni kwamba zimetawanyika katika ofisi mbalimbali ambazo hazisomeani vitabu.

Barabara hiyo ya takriban kilomita 50, iliyogharimu zaidi ya Sh27 bilioni na kufunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, ilibadilisha maisha katika Kaunti ya Kiambu. Kwa mujibu wa sensa, wakazi wa mji wa Ruiru waliongezeka kutoka 238,858 mwaka 2009 hadi 490,120 mwaka 2019. Thika nayo ilikuwa na wakazi 251,407 mwaka huo wa 2019. Maelfu ya watu hawa hulazimika kuivuka barabara hiyo alfajiri wakienda kazini na jioni wakirejea nyumbani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama muuza mboga anagongwa na gari Ruiru saa moja jioni. Afisa wa trafiki anaandika katika kitabu cha matukio kituoni kwamba mtu mmoja amejeruhiwa vibaya. Majeruhi anapelekwa katika hospitali ya Thika Level 5, ambako karani anaandika kuwa ana jeraha la kichwa lililotokana na ajali ya barabarani, bila kutaja ilitokea wapi. Siku ya tisa anafariki, na kifo chake kinaandikishwa katika idara ya usajili wa vizazi na vifo. Miezi kadhaa baadaye, kampuni ya bima inafungua faili yake yenyewe kuhusu madai ya fidia.

Hizo ni daftari nne kuhusu mtu mmoja. Katika daftari ya polisi angali hai. Katika ile ya hospitali hakuna mahali alipogongwa. Katika ile ya vifo hakuna gari wala barabara. Kila mtumishi ametimiza wajibu wake, na hata hivyo taifa halijajifunza lolote kutokana na kifo cha mama huyo.

Ukubwa wa pengo hili umewahi kupimwa. Katika ripoti yake ya mwaka 2018 kuhusu usalama barabarani, Shirika la Afya Ulimwenguni, WHO, lilionyesha kwamba takwimu rasmi za Kenya za mwaka 2016 zilikuwa na vifo 2,965. Makadirio ya shirika hilo lenyewe yalikuwa vifo 13,463, yaani zaidi ya mara nne. Makadirio si hesabu ya maiti, na mtu ana haki ya kuyatilia shaka. Lakini tofauti ya zaidi ya watu 10,000 haiwezi kupuuzwa kuwa kosa dogo la karani.

Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, ilitangaza vifo 4,579 mwaka 2021 na vifo 4,748 mwaka 2024. Aprili 2024 serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa usalama barabarani wa miaka 2024 hadi 2028, ilhali Umoja wa Mataifa unazitaka nchi zote zipunguze vifo hivyo kwa nusu ifikapo 2030. Tunaweza kuuliza: nusu ya hesabu ipi?

Hapa ndipo hifadhidata inapoingia. Hifadhidata ni daftari iliyopangwa ndani ya kompyuta kwa namna ambayo kila tukio lina nafasi yake, na kila nafasi ina swali lake: wapi, lini, nani, kwa chombo gani, matokeo yakawaje. Faida yake kubwa si kuhifadhi karatasi nyingi mahali padogo. Faida yake ni kwamba inaweza kuulizwa. Kitabu cha matukio kinaweza kukuambia yaliyojiri Jumanne iliyopita, lakini hakiwezi kukuonyesha kwa mara moja ajali zote za miaka mitano zilizotokea usiku katika kituo kimoja cha basi.

Isitoshe, orodha mbili zikilinganishwa hufichua hata yale ambayo hayamo katika yoyote kati yazo. Tuseme polisi wana majeruhi mahututi 100, hospitali ina 80, na majina 40 yanapatikana katika orodha zote mbili. Hospitali iliwaona 40 tu kati ya 100 wa polisi, yaani asilimia 40. Ikiwa orodha hizo ziliandikwa bila kutegemeana, basi wale 80 wa hospitali nao ni takriban asilimia 40 ya majeruhi wote, na jumla yao inakaribia 200. Majina yanayojulikana ni 140. Takriban watu 60 hawakuandikwa popote.

Wazo hili la kuviweka vifo pamoja ili vizungumze si geni. Mwaka 1854, kipindupindu kilipowaua wakazi wa mtaa wa Soho jijini London, daktari John Snow alizichukua anwani za marehemu na kuzitia katika ramani. Vifo vilikuwa vimezunguka bomba moja la maji katika barabara ya Broad Street. Mpini wa bomba hilo ukaondolewa. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na orodha iliyotaja mahali.

Thika yenyewe si mgeni katika jambo hili. Kati ya mwaka 2010 na 2014, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 10 zilizoshiriki katika mradi wa usalama barabarani uliofadhiliwa na wakfu wa Bloomberg, na hapa nchini maeneo yaliyochaguliwa yalikuwa Thika na Naivasha. Watafiti walisimama kando ya barabara wakihesabu waendeshaji pikipiki waliovaa kofia za usalama, na hospitalini wakakusanya habari za majeruhi kwa utaratibu. Ilibainika kuwa waendeshaji waliovaa kofia walikuwa wachache, na abiria wao wachache mno. Hilo halikuwa fununu tena. Lilikuwa jambo ambalo afisa wa polisi na daktari wangeweza kulijadili wakiwa na karatasi moja mezani. Lakini mradi wa mfadhili huwa na tarehe ya kumalizika. Ajali hazina tarehe hiyo.

Mfano wa pili unatoka Nairobi. Watafiti wa Benki ya Dunia na wenzao walikusanya jumbe 874,588 kuhusu hali ya barabara zilizotumwa katika mtandao wa Twitter, ambao sasa huitwa X. Kwa kutumia programu za kompyuta waliweza kutambua ajali 22,872 za kati ya mwaka 2012 na 2020, pamoja na mahali zilipotokea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba nusu ya ajali hizo zilitokea katika sehemu ndogo mno, chini ya asilimia moja ya mtandao wa barabara za jiji.

Maana ya matokeo hayo ni nzito. Ikiwa nusu ya maafa yamejikusanya mahali pachache, basi kazi haihitaji mabilioni yasiyopatikana. Taa, kivukio, uzio au kituo cha basi kilichosogezwa kidogo, vikiwekwa mahali panapostahili, vinaweza kuokoa wengi. Hata hivyo, utafiti huo ulilenga jiji la Nairobi, na ulitegemea watu wenye simu na ari ya kutuma ujumbe. Anayegongwa gizani kando ya Ruiru, bila shahidi mwenye simu, hamo katika hesabu ya namna hiyo.

Kuna wanaodai kwamba mifumo tunayo tayari. Ni kweli kwamba wizara ya afya ilieneza mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, DHIS2, nchi nzima mwaka 2011. Lakini mfumo huo uliundwa hasa kupokea jumla za kila mwezi kutoka hospitalini. Jumla humweleza waziri kuwa majeruhi wameongezeka; haimwelezi mhandisi wa barabara aweke daraja wapi.

Kinachohitajika si mashine ghali. Kwanza, kila ajali ipewe nambari moja itakayofuatana na majeruhi kutoka kwa polisi hadi hospitalini, na ikibidi hadi chumba cha maiti. Pili, karani wa hospitali aongezewe maswali mawili: uligongewa wapi, na ulikuwa unasafiri vipi. Tatu, polisi wapashwe habari kila majeruhi anapofariki, maadamu kanuni ya kimataifa huhesabu kifo kinachotokea ndani ya siku 30 kuwa kifo cha barabarani. Nne, ramani ya matokeo itangazwe kwa umma kila baada ya miezi mitatu.

Pana vizingiti. Tangu mwaka 2013 huduma za afya zimo mikononi mwa kaunti, ilhali polisi na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Aidha, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda siri za wagonjwa, na ni haki iwe hivyo. Lakini ramani haihitaji majina. Inahitaji mahali, saa, umri na aina ya chombo.

Ikumbukwe pia kwamba hifadhidata haijengi daraja. Ikijazwa uwongo itatoa uwongo, na ikijazwa ukweli usiosomwa na yeyote itakuwa kabati jingine lenye vumbi. Kwa hivyo lazima pawe na afisa anayetajwa kwa cheo, ambaye ramani ikionyesha watu wanakufa mahali fulani, atatakiwa kueleza hadharani amechukua hatua gani, na kufikia lini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wakazi wa Ruiru na Thika wamekuwa wakipoteza kilicho bora kuliko mali, na daftari zao zipo, zimejaa, zimefungwa katika makabati tofauti. Mama wa mfano wetu aliandikwa mara nne. Laiti maandishi hayo yangekutana, huenda mwanamke atakayevuka mahali hapo jioni ya leo angekuta taa imewashwa.