Hivyo Vilima vya Champagne Havikujipanga Vyenyewe

Wasee, tuongee kuhusu ile vidio. Mnaijua. Droni inapanda polepole, ukungu wa asubuhi unatoka bondeni, mistari ya kijani inateremka kilima hadi kwa mnara wa kanisa dogo, halafu piano inaingia. Chini imeandikwa ati "hapa ni asili tupu", na emoji ya glasi pembeni. Kwa picha yote hakuna mtu hata mmoja. Hata mbwa hakuna.

Nimechoka na hiyo vidio. Na najua nusu yenu mmeihifadhi mahali, kwa folda ya "siku moja". Sina shida na ndoto yako ya Ufaransa, jameni. Mimi mwenyewe nilienda Septemba iliyopita, siku sita kati ya Reims na Épernay, na mkinichangia tiketi nitarudi kesho. Kule ni kuzuri, sitadanganya. Shida yangu ni hilo neno "asili".

Hakuna asili hapo. UNESCO walipoweka Champagne kwa orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2015, hawakuiweka kama vile wanaweka msitu ama maporomoko ya maji. Waliiweka upande wa utamaduni. Jina lenyewe la hiyo orodha linataja vilima, nyumba za wafanyabiashara na maghala ya chini ya ardhi, vyote pamoja, kwa sababu ni kitu kimoja kilichotengenezwa na watu. Mashamba ya Burgundy yaliingia mwaka huo huo, na Saint-Émilion kule upande wa Bordeaux ilishaingia tangu 1999, yote kwa utamaduni. Sasa wewe unarusha droni juu ya kazi ya mikono ya watu, kisha unaandika "asili tupu". Ni kama kupiga picha ya suti halafu useme pamba iliota na vifungo.

Na mikono ni mikono kweli. Champagne ina hekta kama 34,000 za mizabibu, na sheria inakataza kuvuna kwa mashine. Zabibu tatu ndizo kubwa pale, na mbili kati yake ni nyeusi, lakini kinywaji kinachotoka ni cheupe. Ili hilo liwezekane lazima mashada yafike kwa kinu yakiwa mazima, ganda lisipasuke na kuacha rangi kwa maji yake. Mashine ingeyaponda. Kwa hivyo kila mwaka wanaingia vibarua zaidi ya laki moja, kwa wiki mbili hivi, kukata shada moja baada ya jingine.

Kitu droni haikuonyeshi ni kwamba mizabibu ya kule ni mifupi. Si kama ile ya filamu ambayo mpenzi wako anatembea chini yake akicheka. Zabibu zinaning'inia karibu na goti. Anayevuna anainama asubuhi na anainuka jioni, ama anajikokota kwa magoti na ndoo yake. Kutoka mita 100 angani mgongo uliopinda unafanana na kichaka tu. Ndio maana hiyo vidio inaonekana haina watu hata wakati shamba limejaa.

Nilisimama kando ya barabara karibu na Aÿ nikawatazama. Gari za vibarua zilikuwa zimeegeshwa kwa mstari, kreti zinapitishwa mkono kwa mkono, redio ndogo inaimba kitu cha Afrika Magharibi. Kifaransa changu ni cha shule, lakini salamu nazijua. Niliposema natoka Kenya, jamaa mmoja akajibu "Kipchoge!" bila hata kuinua kichwa, na safu nzima ikacheka. Hakuwa na wakati wa stori zaidi. Wengi wa wavunaji hulipwa kwa uzito wa wanachokata, na mimi ni nani nimuibie kilo?

Siku hiyo hiyo alasiri nilikuwa ndani ya ghala la nyumba moja kubwa, jina naliweka mfukoni. Tulishuka ngazi, tukaambiwa kuhusu mawe ya chaki, baridi isiyobadilika mwaka mzima, chupa zinavyozungushwa polepole. Poa sana. Kisha nikauliza, hawa wanaovuna huwa wanalala wapi? Binti aliyekuwa anatuongoza akatabasamu, akasema ni swali zuri, na akatupeleka dukani. Simlaumu yeye, hata yeye pengine ni kibarua. Lakini tiketi ile ilikuwa bei ya keja ya wiki mbili mtaani kwetu, na kwa saa nzima hakuna aliyetaja mtu yeyote mwenye ndoo.

(Na kama uko chini ya 18, hii si posti ya pombe. Unaweza kuzunguka Champagne siku sita na maji ya chupa. Wafaransa wenyewe wana sheria tangu 1991 inayobana matangazo ya pombe, kwa hivyo baadhi ya "kontenti" mnazotengenezea hivyo vinywaji hapa nyumbani zingewaletea shida huko.)

Sasa nikwambie kwa nini nilikuwa nauliza kuhusu kulala.

Septemba 2023, katika kijiji kinaitwa Nesle-le-Repons, ndani ya hiyo hiyo mkoa wa Marne, maafisa walikuta zaidi ya watu 50 wamewekwa kwa nyumba moja mbovu. Magodoro chini, vyoo vya kutia kinyaa, umeme wa hatari. Walikuwa wameletwa kuvuna. Wengi wao walikuwa wametoka Mali, Mauritania, Senegal na Ivory Coast, na hawakuwa na makaratasi. Msimu huo huo kulikuwa na joto kali, na vifo vya wavunaji kadhaa viliripotiwa Champagne. Julai 2025 mahakama ya Châlons-en-Champagne ilipata watu watatu na hatia ya ulanguzi wa binadamu. Ulanguzi wa binadamu, manze. Aliyekuwa anaendesha kampuni ya kuleta vibarua alipewa miaka minne, miwili ikisimamishwa.

Mtaniambia hao ni wahalifu wachache, si Champagne yote. Sawa. Chama chenyewe cha wenye mashamba na nyumba za champagne kiliingia kwa hiyo kesi kikisimama upande wa walioumizwa, na kuna wakulima wengi tu wanaokaribisha wavunaji wao wale wale kila mwaka na kula nao meza moja. Sijasema kila chupa ina machozi. Ninachosema ni hiki: angalia ni kitu gani kimeandikwa kwa kanuni na kitu gani hakijaandikwa.

Kwa kanuni za champagne imeandikwa kwamba kilo 4,000 za zabibu zitoe maji lita 2,550, usizidishe. Imeandikwa mistari ya mizabibu isiachane zaidi ya kipimo fulani, mmea upogolewe kwa mitindo gani, chupa ilale ghalani miezi mingapi. Ukikosea hapo, huruhusiwi kuandika hilo jina kwa chupa. Ni ulinzi wa urithi, na unafanya kazi. Ndio maana hivyo vilima bado viko vile unavyoviona. Lakini mkono uliokata hilo shada ulilala wapi, ulikula nini, ulilipwa ama haukulipwa? Hilo limeachiwa sheria za kazi za kawaida na mkaguzi ambaye atafika siku atakayofika. Jina kwa chupa haliguswi. Chama cha wafanyakazi cha CGT kilidai zabibu zilizovunwa kwa unyonyaji zinyimwe jina la champagne. Kwangu hilo ndilo wazo la akili zaidi nililosikia kuhusu huu urithi. Kama kuzidisha maji kunakupokonya jina, kwa nini kulaza watu kama mizigo kusikupokonye? Badala yake, Julai 2024 serikali ililegeza sheria ili siku ya mapumziko ya wiki iweze kusogezwe wakati wa mavuno.

Na usidhani hao vilima wamekuwa kimya siku zote. Mwaka wa 1911 wakulima wadogo wa Champagne walichoka. Wafanyabiashara wakubwa walikuwa wananunua zabibu za bei rahisi kutoka sehemu zingine na bado wanauza kama champagne. Aÿ, hapo hapo niliposimama nikisikiza redio, watu waliingia mitaani, nyumba za wafanyabiashara zikachomwa, mvinyo ukamwagwa barabarani, na serikali ikatuma wanajeshi. Yaani zile kanuni tunazosifu leo, za nani aruhusiwe kutumia jina, zilisukumwa na watu wenye hasira na viberiti. Hiyo stori sikuisikia kwa ziara yoyote. Nilichosikia, mara tatu, ni Dom Pérignon, yule mtawa wa Hautvillers aliyekufa 1715, ati ndiye alivumbua mapovu. Nilienda hadi kanisani kwa kaburi lake. Wanahistoria wanasema alitumia nguvu zake kuyazuia mapovu, si kuyaleta. Lakini hadithi ya mtu mmoja mwenye akili huuza kuliko hadithi ya watu elfu wenye migongo inayouma.

Najua komenti zinazokuja. Ya kwanza: "Usituharibie vaibu." Buda, kama vaibu yako inaharibika kwa kuona mtu anafanya kazi, hiyo ni vaibu ya tajiri wa zamani, na wewe bado unapanda matatu kama mimi. Ya pili: "Walienda bila makaratasi, walijitakia." Mahakama haikuwafunga wao. Iliwatambua kama walioumizwa. Ya tatu ndiyo inaniuma: "Hayo ni mambo ya wazungu, yanatuhusu nini?" Wangapi kati yenu mmepiga picha Limuru ama Kericho, mmesimama katikati ya majani chai, mkasubiri mama mwenye kikapu apite kwanza ndio picha itoke safi? Tumefundishwa jicho moja. Tunalibeba hadi Ufaransa na tunarudi nalo.

Na kuhusu "mambo ya wazungu", twende Reims. Watu huenda kuona kanisa kuu ambako wafalme wa Ufaransa walikuwa wanatawazwa, na uende pia, ni kubwa hadi shingo inauma. Halafu wanashuka kwa maghala ya chaki ambako wakati wa Vita vya Kwanza wenyeji walijificha mabomu, na watoto wakasomea humo humo chini. Hizo mbili ziko kwa kila orodha. Ya tatu haiko. Kwa bustani inaitwa Parc de Champagne kuna sanamu ya wanajeshi Waafrika, waliotolewa makoloni ya Ufaransa na kupigana kulinda mji huo mwaka wa 1918. Ya kwanza ilisimamishwa 1924, na ndugu yake ikasimama Bamako mwaka huo huo. Wajerumani walipoingia 1940 waliing'oa na kuibeba. Iliyopo sasa imetengenezwa upya, na Novemba 2018 Macron alienda hapo pamoja na rais wa Mali kuizindua.

Miaka mitano baadaye, vijana kutoka Mali wakakutwa wamelala sakafuni Nesle-le-Repons.

Nilikaa hapo kwa sanamu karibu saa moja. Walipita watu wa mbio, mama na kigari cha mtoto, wazee wawili na mbwa. Hakuna hata mmoja aliyetoa simu, na sikuona droni. Hakuna tiketi pia, ni bustani ya wote.

Kwa hivyo ukipata hiyo safari, ama binamu yako wa Paris akikualika, ama kampuni ikikulipia uende kutengeneza vidio, fanya hivi. Anzia hapo kwa sanamu kabla ya kushuka ghala lolote. Ukiwa Aÿ uliza kuhusu 1911. Ukilipa ziara, uliza swali langu, kwa sauti, mbele ya kikundi chote: wavunaji wanalala wapi? Wakikupeleka dukani, rekodi hiyo pia. Na hiyo droni ishushe hadi usawa wa goti, mahali zabibu zipo, lakini mwombe ruhusa kwanza mtu aliyeinama hapo. Akikataa, zima kamera umwache avune.

Nyinyi mliotuma ile vidio kwa dm yangu wiki hii, mko saba, na nimewajibu wote na hii.