Ubaguzi ni bao la kujifunga

Julai 2020 Luc Eymael alikuwa na kazi ambayo makocha wengi wangeigombania. Alikuwa Yanga, timu yenye mashabiki kila kona ya nchi, na alikuwa hajamaliza hata mwaka Jangwani. Kisha maneno yake yakasambaa. Alilalamika hana gari, hana DSTV, akamalizia kwa kuwafananisha mashabiki na nyani na mbwa. Kibarua kikaota nyasi. Yanga ikaomba radhi kwa Watanzania.

Wakati ule watu walijadili tusi, na walikuwa na haki, maana aliyetukanwa ndiye anayeumia kwanza. Ila Mbelgiji naye alijipiga mwenyewe. Shabiki anayepanda daladala mbili kutoka Mbagala na kulipa kiingilio ndiye anayelipa mshahara wa kocha. Ukimwona huyo ni mnyama huwezi kumsikiliza, na usipomsikiliza hutajua kwa nini timu inachezeshwa kwa presha ile. Utabaki hotelini unanuna kwa sababu ya kingʼamuzi.

Tuseme ukweli, soka letu linawapa wazungu nafasi ya upendeleo. Kocha mzalendo akifungwa mechi tatu anaonyeshwa mlango, mzungu mara nyingi anaombewa muda wa kujenga timu. Upendeleo huo hakuuomba, sawa. Lakini akishaupata anabeba na mzigo wake.

Arusha inapaswa kulizungumza hili sasa. Uwanja mpya wa watazamaji 30,000 unajengwa kwa ajili ya AFCON 2027, ambayo Tanzania imepewa kuiandaa pamoja na Kenya na Uganda. Jiji lenyewe halina ugeni na wazungu, wapo mahotelini, kwenye utalii na mashambani. Na kuhusu ubaguzi, watu wa huku walishapata somo lao zamani.

Ukizunguka Mlima Meru kwa upande wa kaskazini unafika Ngare Nanyuki. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 pale, nyumba zikachomwa moto, ili eneo liwe mashamba 13 ya wazungu. Hesabu yao ilikuwa kwamba mzungu ndiye anayejua kufuga na kutumia ardhi. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwashitaki Waingereza mbele ya dunia.

Waliofukuzwa waliteseka, hilo halina mjadala. Lakini angalia na upande wa pili. Mradi ule haukufanikiwa kama ulivyopangwa, na baadaye ardhi ikarudi kwa Wameru. Serikali ikaaibika. TANU ilipozaliwa 1954, kaskazini ilikuta watu wameshaamka. Kwa kifupi, wakoloni walijenga timu ya wapinzani wao wenyewe. Walowezi waliotaka kukaa peke yao kati ya Meru na Kilimanjaro wakaishia kuishi na majirani wasiowaamini.

Lakini si wote walicheza hivyo. Mmarekani mmoja, Anton Nelson, aliwasaidia Wameru katika ushirika wao, akaja kuandika kitabu juu yao, The Freemen of Meru. Angeweza kukaa na wazungu wenzake jioni akanywa chai yake. Alitumia nafasi yake kwa kazi nyingine.

Kwenye soka mifano ipo. Januari 2013 Kevin-Prince Boateng alizomewa kibaguzi kwenye mechi ya kirafiki dhidi ya Pro Patria, akapiga mpira jukwaani na kutoka. AC Milan nzima ikatoka naye, wazungu kwa weusi. Mechi ikafa. Linganisha na Leonardo Bonucci, Aprili 2019 kule Cagliari. Mwenzake Moise Kean, kijana wa miaka 19, alizomewa, na Bonucci akasema lawama ni nusu kwa nusu. Kesho yake alijaribu kujieleza, lakini maneno yalishatoka. Beki mwenye mataji kibao, na bado watu wanamkumbusha jambo hilo.

Na wale wa jukwaani? Juni 2024 mahakama ya Hispania iliwahukumu mashabiki watatu wa Valencia kifungo cha miezi minane kwa kumtukana Vinícius Júnior, pamoja na kufungiwa viwanja kwa miaka miwili. Dakika chache za kelele.

Mwaka 2027 mlinzi wa jukwaani hatasikia kila neno linalosemwa kwa Kijerumani au Kifaransa. Atakayesikia ni mzungu mwenzake aliyekaa kiti cha jirani. Kampuni za utalii zinazoleta mashabiki Arusha zinaweza kuanza kumwambia hilo mapema, pamoja na maelekezo ya hoteli na safari ya Ngorongoro. Na klabu zinazosaini makocha wa nje, kwenye karatasi ile ile ya nyumba na gari, ziandike pia kocha akiwatukana mashabiki atalipa nini.